Bastola za Riwayani na Bastola ya Shemeji

Katika riwaya zote za kipelelezi nilizosoma kwa Kiswahili, tangu nikiwa kidato cha kwanza Musoma mpaka leo, sikumbuki hata moja yenye bastola iliyoshika kutu. Nimekutana na bastola zilizochomolewa kwapani, kiunoni, chini ya mto, ndani ya mkoba wa mwanamke mrembo. Zote zinalia zinapotakiwa kulia. Sikumbuki iliyokwama kwa vumbi wala iliyomchubua mwenyewe kiuno. Na sikumbuki mpelelezi aliyekaa kitandani jioni akiipangusa bastola yake kwa kitambaa huku mke wake akimuuliza maswali.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Bunda, na riwaya hizo ndizo zilizonifanya niwe msomaji. Kwa hiyo sizisemi kwa dharau. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilitoka mwaka 1974, mwaka uleule ambao TANU ilikutana Musoma na kuazimia kuharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto. Mambo hayo mawili hayatajwi pamoja mara nyingi, lakini nyumbani kwetu yalikutana: kaka zangu waliopata darasa kwa sababu ya azimio lile ndio waliokuja kumsoma Willy Gamba kwa mwanga wa koroboi. Nakala iliyonifikia mimi haikuwa na jalada wala kurasa nne za mwanzo. Nilianzia katikati ya hatari, nikaridhika.

Kabla ya Gamba alikuwepo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tulimjua kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Silaha ya Bwana Msa ni kiko na akili. Anavuta, anafikiri, anauliza, kesi inafunguka. Halafu wakaja akina Gamba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, watu wa kukimbizana na kupigana, na bastola ikawa sehemu ya mavazi yao kama koti na viatu. Nikiwa na miaka 14 sikuuliza ni bastola ya aina gani, ina uzito gani, wala mwenyewe anakaaje nayo kwenye kiti cha basi kutoka asubuhi hadi jioni. Ilitosha kuitwa bastola.

Wapo wasomaji waliouliza. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa silaha aliyeishi Glasgow, Geoffrey Boothroyd, alimwandikia Ian Fleming barua. Alizipenda hadithi za James Bond, lakini Beretta ndogo ya .25 aliyobeba Bond aliiona ni ya kike, haimfai jasusi. Yeye alipendekeza rivolva ya Smith & Wesson. Fleming naye alikuwa ameanza kuliona tatizo, maana katika From Russia, with Love, riwaya ya 1957, Beretta ile inanasa kiunoni wakati Bond anaihitaji. Katika Dr. No ya 1958, Bond ananyang'anywa Beretta na kupewa Walther PPK, na mtaalamu wa silaha anayehusika anaitwa Meja Boothroyd. Msomaji aliandika barua akaishia kuwa mhusika! Ninaipenda sana habari hii, na ninaisimulia darasani kila mwaka. Sikutegemea kwamba siku moja nitaombwa nifanye kazi ya Boothroyd, tena kwa bastola ya kweli.

Aliyeniomba ni shemeji yangu, mume wa dada. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo upande wa Buhemba, wilayani Butiama, anaipeleka Musoma kuuza. Kazi hiyo inataka pesa taslimu mfukoni, maana mchimbaji aliyetoka shimoni na gramu zake mbili anataka kuona noti. Mwaka juzi, jioni, kati ya Buhemba na Butiama, watu wawili walimsimamisha akiwa kwenye pikipiki. Mmoja alikuwa na panga. Mwingine alishika kitu cheusi kinachofanana na bastola. Walichukua hela, simu na viatu.

"Ilikuwa bastola kweli?" nilimuuliza.

"Shemeji, mimi nilikuwa nahesabu watoto wangu, wewe unataka niulize aina?"

Baada ya hapo akaamua kuomba leseni ya kumiliki silaha. Hiyo siyo safari ya siku moja. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, mwombaji anachunguzwa: ni nani, anaishi wapi, tabia yake ikoje, anaitaka silaha kwa sababu gani. Shemeji akaanza kukusanya barua zake, na wakati huohuo akaja kwangu na karatasi.

"Wewe si ndiye umesoma vitabu vyote vya bastola? Nisaidie kuchagua."

Nilimwambia vitabu hivyo havifundishi kuchagua. Akasema basi tafuta vinavyofundisha. Kwa hiyo nikasoma, kama wiki tatu hivi, mapitio ya Wamarekani, na nikagundua aina ya uandishi ambayo sikuijua. Wapitiaji wa bastola wanaandika kama wapitiaji wa vitabu. Wana historia ya fani, wana wanaowachukia, wana maneno yao ya kusifia. Mwishoni wote wanarudi kwenye maswali matatu: je, inategemeka? Kifyatulio chake kikoje? Na ngozi yake ya nje inavumilia nini? Nikachora jedwali lenye safu tatu. Pembeni nikaorodhesha majina matano: Makarov, Walther PPK, rivolva fupi ya Smith & Wesson, Glock 19, na SIG Sauer P365.

Safu ya kwanza ilionekana rahisi. Makarov ilipitishwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, na sifa yake ni uchache wa vipande. Springi moja ya bapa ndani ya kitako inafanya kazi tatu: inasukuma nyundo, inauendesha mkono wa kifyatulio, na ncha yake ya chini inashikilia magazini. Rivolva fupi ya risasi tano imekuwepo tangu 1950, nayo ina faida ambayo hata mtoto anaielewa. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Bastola ya magazini ikigoma unahitaji mkono wa pili, akili iliyotulia na nafasi ya kuikoki upya. Walther PPK ni ya mwaka 1931, nzuri kuitazama, lakini umri wake unaonekana. Glock 19 ya mwaka 1988 ni mdogo wake Glock 17, ile iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fremu yake ni ya plastiki ngumu, na watu wamejaribu kuizika kwenye mchanga na matope waone kama itakataa. P365 ilitoka 2018 ikawashangaza wengi kwa sababu iliingiza risasi 10 kwenye magazini ya bastola inayokaa kiganjani. Matoleo yake ya mwanzo yalilalamikiwa, kisha yakarekebishwa.

Kuna jambo la kifundi hapo ambalo riwaya haina muda nalo. Kadiri bastola inavyopunguzwa ukubwa, ndivyo kile chuma cha juu kinavyokuwa na safari fupi ya kwenda nyuma na kurudi. Katika safari hiyo lazima ganda la zamani litoke na risasi mpya ipande. Safari ikiwa fupi, springi inabidi iwe ngumu zaidi, na mkono wa mpigaji uwe imara zaidi. Mkono ukilegea, chuma hakimalizi safari yake, na risasi inakwama mlangoni. Yaani bastola ndogo, ile ambayo kila mtu anadhani ni ya kuanzia, inadai mazoezi mengi kuliko kubwa.

Na mazoezi ndiyo yaliyotukwamisha. Wamarekani wengi wana desturi kwamba bastola mpya haiaminiwi mpaka ipige risasi 200, wengine wanasema 500, bila kukwama hata mara moja. Nilimsomea shemeji sentensi hiyo. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Hapa risasi zinanunuliwa kwa kibali, zinahesabiwa, na ni ghali. Angezipiga wapi hizo 500? Kwenye mwamba gani wa Buhemba, bila kijiji kizima kuja kuuliza kuna nini? Tulichojaza katika safu ya kwanza, ukweli wake, kilikuwa kutegemeka kwa bastola iliyo mikononi mwa Mmarekani wa Texas mwenye uwanja wa shabaha karibu na kwake. Ya shemeji ingekuwa na historia ya risasi 10, labda 20, kisha ingekaa kiunoni miaka.

Safu ya pili, kifyatulio. Hapa nilisoma mpaka nikaanza kuota. Uzito wa kifyatulio unapimwa kwa kilo: ni nguvu kiasi gani kidole kivute ndipo risasi itoke. Rivolva fupi inataka kama kilo 5, tena kwa mvuto mrefu. Chukua dumu la maji la lita 5, liningʼinize kwenye kidole cha shahada, utaelewa. Makarov na Walther PPK zina tabia mbili: risasi ya kwanza inavutwa kwa uzito mkubwa, kisha nyundo inabaki nyuma na zinazofuata zinatoka kwa mguso mwepesi. Ukimaliza, unasogeza kitufe cha usalama pembeni, na kitufe hicho hicho kinairudisha nyundo bila kupiga. Glock yenyewe haina kitufe cha pembeni. Usalama wake uko ndani, na kwenye kile kiulimi kidogo katikati ya kifyatulio. Kila mvuto ni uleule, karibu kilo 2 na nusu. Wanaoipenda wanasema: mtu mwenye hofu hana muda wa kukumbuka kitufe.

Wanaoiogopa wanajibu kwamba kifyatulio hakimjui mwenyewe. Kidole, shati, funguo, kamba ya koti, chochote kikiingia pale na kuvuta, kazi imekwisha. Ndiyo maana bastola ya namna hiyo haichomekwi kiunoni hivihivi kama tunavyoona kwenye filamu. Inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na mkanda unaoweza kubeba zaidi ya nusu kilo bila kulegea. Nilipomweleza shemeji, aliuliza swali zuri kuliko yote niliyoyasoma kwenye majarida. "Kwenye pikipiki, barabara ya mashimo, saa mbili, hiyo ala inakaaje?" Hakuna mpitiaji niliyemkuta amepanda pikipiki kutoka Buhemba.

Safu ya tatu ilinifurahisha zaidi, labda kwa sababu inahusu lugha. Ile rangi ya bluu-nyeusi ya bastola za zamani, kama Walther PPK, ni kutu. Chuma kinapikwa kwenye kemikali mpaka kijitengenezee utando wa kutu nyeusi, na kutu hiyo nyeusi inasaidia kuizuia kutu nyekundu. Ni kutu iliyofugwa. Nilikaa na wazo hilo siku nzima. Lakini utando huo ni mwembamba, unaisha pale inapogusana na ala na ngozi ya mtu, na bila mafuta haukai. Nikeli inangʼaa, watu wa kutamba wanaipenda. Ikibanduka mahali pamoja, kutu inatambaa chini yake bila kuonekana. Mwaka 1965 Smith & Wesson walitoa rivolva ya chuma cha pua, Model 60, na sababu ya watu kuipokea kwa furaha ilikuwa jasho. Glock wao walikwenda njia nyingine: naitrojeni inaingizwa ndani ya chuma chenyewe, ngozi inakuwa ngumu, haibanduki kwa sababu haikupakwa.

Kwa nini jasho? Kwa sababu bastola ya kufichwa inalala juu ya ngozi ya mtu. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya kuogopesha chuma kama pwani ya Dar es Salaam au Mombasa. Chumvi anaibeba mwenye bastola. Ongeza vumbi la Bunda la mwezi wa nane, linaloingia mpaka kwenye saa ya mkononi. Shemeji akitoka asubuhi akirudi usiku, kila siku kiunoni kuna mchanganyiko wa chumvi, vumbi na nyuzi za shati, na kila jioni lazima mtu aupanguse. Kwenye safu ya tatu nikaandika Glock 19 na rivolva ya chuma cha pua kuwa za kwanza. Chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: mafuta, kitambaa, kila siku.

Mwezi huo nilikuwa na safari ya Butiama kumsalimia baba mdogo. Ni askari mstaafu, alikwenda Kagera mwaka 1978 na akafika Kampala mwaka uliofuata. Nikabeba lile jedwali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mtihani?"

Alivaa miwani, akasoma polepole kama anavyosoma kila kitu. Akasema bastola jeshini ilikuwa ya ofisa, wao walikuwa na SMG, na SMG huwezi kuisahau kwa sababu inakuumiza bega. Kisha akaniuliza, "Nani atakuwa anaisafisha?" Nikasema mwenyewe. "Mpaka lini?" Nikanyamaza. Akaniambia vitani waliisafisha silaha kila siku kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukagua, tena anayekuadhibu. "Ofisa wa kumkagua shemeji yako ni nani? Akichoka wiki ya tatu, nani atamwambia?"

Kisha, kama kawaida yake, akahamia kwenye gobore la babu. Wenye umri wangu tunalikumbuka. Lilikuwa refu kuliko mimi, linashindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na likipigwa moshi wake unafunika boma. Kwa vipimo vya jedwali langu gobore linapata sifuri kwenye kila safu. Haliaminiki, kifyatulio chake kiliundwa na mhunzi, ngozi yake ni kutu tupu. Lakini baba mdogo alisema kitu ambacho wapitiaji hawakipimi. Gobore halifichiki. Babu akilitoa ndani, kijiji kizima kilijua limetoka, na wazee walikuwa wanauliza: unakwenda wapi nalo? Ni fisi, au mmegombana na jirani? Jibu likiwa baya, wanakaa naye. Mara nyingi lilirudi ndani bila kupigwa. Baadaye babu alilisalimisha serikalini, na baba mdogo anasema aliyelia ni bibi, kwa furaha.

Nilipotoka kwake nilipita Mwitongo, pale makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalipo na kaburi lake. Kila ninapofika nafikiria ujasiri wa mtu aliyekuwa akiongoza nchi changa na bado akatafsiri tamthilia ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, ambayo leo tunaiita Juliasi Kaizari. Safari hii niliifikiria kwa sababu nyingine. Ni tamthilia ya silaha za kufichwa. Majambia yale yangebebwa waziwazi, Kaizari asingeingia ukumbini. Yanafanya kazi kwa sababu aliyezungukwa anadhani amezungukwa na marafiki, na hata Bruto, ambaye kweli ni rafiki, anabadilika tangu saa anayokubali kuficha jambia. Hawezi kulala. Hawezi kuongea na mke wake, naye Poshia anajua kuna kitu, anakidai. Darasani huwa tunakitazama kisa hicho kama siasa. Ukiwa na shemeji anayeomba leseni, unakiona kama habari ya nyumba.

Simfananishi shemeji na wauaji wa Kaizari. Yeye anataka kurudi nyumbani akiwa hai na viatu vyake. Lakini mtu mwenye bastola chini ya shati anajua jambo ambalo wote waliokaa naye hawalijui. Msibani atakaa kwenye mkeka nalo. Kwenye harusi atacheza nalo. Watoto wa dada yangu wana tabia ya kumrukia baba yao anaposhuka kwenye pikipiki. Wa mwisho ana miaka 6, na kichwa chake kinafika pale pale kiunoni.

Dada aliliona jedwali Jumapili moja, limeachwa juu ya meza ya chakula chini ya bakuli la dagaa. Hakupiga kelele. Alilisoma lote, akauliza Walther inatamkwaje, akauliza naitrojeni ni nini, nikamweleza. Nilidhani tumemaliza. Akachukua kalamu ya mwanangu akachora safu ya nne, kwa mstari uliopinda. Juu yake akaandika: Italala wapi?

Shemeji akasema kabatini, juu. Dada akasema mtoto wa miaka 6 anajua nilikoficha sukari, na sukari iko juu ya kabati hilohilo. Shemeji akasema basi kisanduku cha chuma chenye kufuli. Dada akasema sawa, na ufunguo utalala wapi? Shemeji akasema ufunguo atakuwa nao yeye mfukoni. "Wakivunja mlango usiku," dada akasema, "utafute suruali, utafute ufunguo, ufungue sanduku, ndipo utuokoe. Si ndiyo?" Kisha akasema sentensi ambayo nimeiandika kwenye daftari langu: "Katika nyumba hii sijawahi kuficha kitu kikabaki kimefichwa."

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na wiki zangu tatu za kusoma. Ningeweza kumtetea shemeji, maana sheria yenyewe inataka silaha itunzwe salama, na zipo nyumba nyingi zenye silaha ambako hakujatokea lolote. Ningeweza pia kumtetea dada. Nilichokiona ni kwamba maswali yote matatu ya wapitiaji yalikuwa yamerudi mezani bila vyuma. Kutegemeka kulihusu kama shemeji atafanya mazoezi asiyokuwa na mahali pa kuyafanyia. Kifyatulio kilihusu vidole vyote vya nyumba ile, siyo chake tu. Na ngozi ilihusu kama jioni, amechoka, ana njaa, atakaa kupangusa chumvi yake mwenyewe. Bastola yoyote kati ya zile tano ingeweza kumtumikia vizuri mtu mwenye majibu. Mtu asiye na majibu, hata ile bora kuliko zote isingemsaidia.

Nimerudi kuzisoma riwaya zangu tangu hapo, na bado nazifurahia. Ila sasa najua zinachokiruka. Zinaruka siku za kawaida. Mpelelezi anachomoa bastola ukurasa wa 40, anaichomoa tena ukurasa wa 112, na katikati hatuioni. Bastola ya mtu wa kweli inaishi katikati hapo, kwenye maelfu ya siku ambazo hakuna jambazi: jasho, vumbi, mtoto, kufuli, rafiki anayesema hebu niione kidogo, ugomvi wa baa ambao ungekwisha kwa matusi. Ningependa mwandishi mmoja wa Kiswahili atuandikie riwaya ya siku hizo. Isiwe na mlio wowote. Iwe na mwanamume, mkewe, na kisanduku cha chuma.

Shemeji barua zake zimefika mbali, na hajaziondoa. Wakati huohuo amebadili namna ya kufanya kazi. Dhahabu anaipitisha soko la madini, haya masoko yaliyoanzishwa tangu 2019. Wachimbaji waliomzoea anawatumia kwa simu, na anajitahidi kuondoka Buhemba kabla ya saa kumi. Bado zipo siku anazobeba noti, na siku hizo dada halali mpaka asikie pikipiki. Leseni ikitoka ataamua, ndivyo anavyosema. Lile jedwali liko kwenye faili lake pamoja na barua, limekunjwa mara mbili. Safu tatu zangu zimejaa mpaka pembeni. Ya dada ina neno moja, mwandiko wa shemeji, kwa penseli: "Naangalia."